Watoto Waliolala

Kila asubuhi mpimaji alikunywa chai akiwa amesimama, mgongo kauegemeza kwenye fremu ya mlango wa jikoni, huku dada yake akikanyaga cherehani na redio ikipiga kelele juu ya kabati. Asubuhi hiyo kikombe kilikuwa hakijafika mdomoni redio ilipotangaza kwamba utapiamlo kwa watoto wadogo umepungua tena nchi nzima, kwa mara ya tatu mfululizo.

Cherehani ikanyamaza.

“Umesikia?” Dada mtu akapiga kofi la furaha. “Si ni nyinyi hao! Bibi Mizani wangu kaingia redioni! Mbona umekodoa macho kama umefumaniwa?”

“Nimesikia, dada.”

“Basi cheka hata kidogo. Meno hayatang’oka.”

Mpimaji alijaribu kucheka.

Kwa miezi mingi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na wenzake katika utafiti wa lishe ya watoto, wamebeba mizani, utepe wa kupimia mkono na ule ubao mrefu wa kumlazia mtoto. Kikosi chao kilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote: mtoto aliyelala haamshwi. Ilianza kwa huruma tu. Nani ana roho ya kumtoa mtoto usingizini, kumvua nguo na kumlaza kwenye ubao wa baridi? Mama akisema “amelala,” walichora alama ya chaki mlangoni na kuahidi kurudi jioni. Jioni wakirudi, bado amelala. Kesho yake gari lilihamia kwingine, na mtoto yule hakuhesabiwa popote.

Ilimchukua muda kung’amua ni watoto gani hao waliokuwa wakilala mchana kutwa. Wenye shibe walikuwa uani wakifukuza kuku. Tangu siku aliyong’amua, kila akifumba macho aliviona vile vyumba: pazia limeshushwa, joto la bati, umbo dogo kitandani ambalo haligeuki, nzi katua mdomoni na hafukuzwi. Na sauti za akina mama, zote za chini, zote zikisema neno moja. Wakati mwingine alilisikia akiwa ananawa uso, akageuka, asione mtu.

Jana yake, kikaoni, mkuu wa kitengo alipowaonyesha ukutani mchoro wa utapiamlo, mstari ukishuka, mpimaji alinyanyua mkono. Ulifika usawa wa sikio.

“Vipi binti, msalani?” mkuu akauliza, na chumba kizima kikaangua kicheko. Akaushusha mkono wake taratibu, akakaa nao mapajani mpaka kikao kikaisha.

Sasa akamuuliza dada yake, “Kibonge yuko wapi?”

“Amelala.”

Kibonge alikuwa mtoto wa dada yake, wa mwaka na nusu, na jina hilo alilipata kwa mashavu. Mpimaji hakuwahi kumpima. Dada mtu alikataa tangu mwanzo: “Kazi yako iache huko huko. Mwanangu si gunia.” Naye alikubali haraka mno. Mtu aliyeshinda na watoto wa namna ile hataki kurudi nyumbani akachunguze.

“Amelala tangu lini?”

“Tangu jana mchana anasinziasinzia. Si unamjua, mtoto mtaratibu. Tangu nimwachishe ziwa hata kulia kaacha. Mwache mwanangu apumzike.”

Mpimaji aliweka kikombe chini, akainua pazia la chumbani.

“We! Usimwamshe!”

Kibonge alikuwa chali, macho nusu wazi. Nywele zilikuwa zimepungua na kugeuka rangi ya kutu. Mashavu yalijaa kweli, yaking’aa, na miguu ilikuwa imetuna kama mikate. Mpimaji akapiga magoti. Akaibonyeza kwa vidole gumba, juu kidogo ya vidole vya miguu, kama alivyokuwa akibonyeza miguu ya watoto wa watu. Akasubiri, akaachia. Vishimo viwili vilibaki palepale, ngozi haikurudi. Mtoto alimtazama tu, kama mtu mzima aliyechoshwa na wageni.

Dada mtu alikuwa amesimama nyuma yake, utepe wa ushonaji ukining’inia shingoni. “Kanona, eti? Majirani wananionea wivu.”

“Dada, labda… nadhani tungempeleka, wakamwangalia…”

“Kwa ugonjwa gani?”

“Si hivyo, ni kwamba…”

“Sema basi! Unamumunya maneno kama peremende. Umeona nini kwa mwanangu? Kwani mimi simlishi? Uji anakunywa asubuhi, mchana, jioni. Na redio imesema sasa hivi, na wewe umesikia, mambo hayo yamepungua!”

Mpimaji alimnyanyua Kibonge. Kichwa kikamwangukia begani, kizito, bila kinyongo.

“Redio imesema tulichoipelekea sisi,” akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia. “Waliolala hatukuwapima, dada. Tuliwapita. Na huu si unono, ni uvimbe, uji mtupu haumtoshi. Vaa viatu twende hospitali. Mwanao anakufa kwa njaa.”