Urefu wa Hezron Saba

Kwa miaka arobaini na kitu, Raphaeli Nzunda, fundi bati wa kijiji cha Iyula, Mbozi, hakuwahi kumwita shemeji yake Hezron kwa jina alilobatizwa nalo. Alimwita Mpishi. Akimkuta njiani, Mpishi. Akimkuta msibani, Mpishi. Hata siku mchungaji mgeni alipopita kusalimia nyumba kwa nyumba, Raphaeli alimsogelea na kumnong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Baba mchungaji, huyu unayemwona alipigana vita kwa mwiko."

Watu walicheka, na Hezron alisonya kama alivyosonya siku zote, akajibu kama alivyojibu siku zote: "Mimi nilikuwa fundi wa ndege. Huyu ana wivu tu."

Utani wa mashemeji, nani ataukataza? Hezron alikuwa amemwoa Felista, dada yake Raphaeli, na Felista mwenyewe alishaacha kuwaamulia. Kwamba Hezron alikwenda vita vya Kagera, hilo halikubishaniwa na mtu, maana cheti chake kilitundikwa sebuleni. Kilichobishaniwa ni kazi aliyoifanya huko. Yeye alisema alitengeneza ndege za kivita katika kambi moja kule Kanda ya Ziwa, na kijiji kilimwamini, kwa kuwa aliyempinga ni Raphaeli peke yake, na Raphaeli hupinga hata mvua ikinyesha.

Mwaka huu, kahawa ikiwa imeanza kuiva, Mwalimu Imelda wa shule ya msingi alimwomba Hezron azungumze na wanafunzi kuhusu vita, siku ya kuwakumbuka mashujaa. Hezron alikubali, kisha akaja moja kwa moja karakanani kwa Raphaeli, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Maneno matupu watoto wa siku hizi hawayasikii," alisema. "Nataka waione. Nitengenezee ndege."

"Mpishi ananiagiza ndege! Agiza sufuria, nitakupa na mfuniko wa bure."

"Shemeji, leo sitanii."

Raphaeli alimtazama, akaona kweli hatanii. Moyoni akafurahi kupita kiasi, ingawa uso hakuufungua. Kwa miaka mingi alikuwa ametengeneza majiko, mafaneli na makopo ya kumwagilia bustani, na hakuna aliyewahi kumwagiza kitu cha kupaa.

Shida ilikuwa vipimo. Mwalimu Imelda aliwaonyesha picha kwenye simu, lakini picha ni umbo tu, na bati halikatwi kwa umbo. Raphaeli akauliza ndege yenyewe ilikuwa na urefu gani. Hezron akafumba macho.

"Hezron saba," alisema. "Tukilala kwa mstari, kichwa kwa miguu, kutoka pua hadi mkia. Mabawa, ncha hadi ncha, Hezron sita kasoro kidogo. Mkia, Hezron wawili mmoja juu ya mwingine, na wa tatu magoti tu."

Raphaeli alikuwa amesikia vipimo vya kila aina katika kazi yake, hicho hakuwahi kukisikia. Hata hivyo kilimwingia akilini mara moja. Akamsimamisha Hezron kwenye mwimo wa mlango, akatia alama kwa msumari, kisha akakata mtu wa bati mwenye kimo cha shibiri moja. Akamwekea na masikio makubwa. Hezron akalalamika kuwa masikio yamezidi. Raphaeli akamwambia kipimo ni kipimo. Tangu hapo kila kitu kilipimwa kwa yule mtu wa bati.

Zilikuwa wiki nzuri. Baridi ya Mbozi iliwafanya wakae karibu na mkaa uliopasha chuma cha kulehemu, kila mmoja na koti lake. Raphaeli alipasua madebe ya mafuta ya kupikia, akayakunja juu ya gogo la mkaratusi mpaka mwili wa ndege ukawa mviringo, na pua ikabaki wazi kama mdomo wa ndoo. Kioo cha rubani alikikata kwenye chupa ya maji. Magurudumu yakatoka kwenye kandambili za Felista, ambaye alizitafuta siku mbili kabla hajaambiwa. Vichwa vya misumari vilivyoshika mabati ya ndege halisi, Raphaeli alivichomoza kwa kugonga msumari butu kutoka ndani, nukta moja baada ya nyingine, na Hezron alimwelekeza safu kwa safu bila kusitasita: hapa mbili, hapa moja, hapa ziliruka kwa sababu paliwekwa kiraka. Mtu angeweza kudhani ndege imeegeshwa kwenye shamba lake la kahawa na anaiona kila asubuhi.

Raphaeli alianza kuingiwa na wasiwasi. Je, kama miaka yote hii alikuwa akimtania mtu mkweli?

Siku ya kufunga magurudumu, aliuliza tumbo la ndege lilikuwa juu kiasi gani kutoka ardhini. Felista alikuwa ndiyo kwanza ameleta chai. Hezron akalitazama birika, akasema, "Mabirika manne. Yale makubwa ya jeshi."

"Mabirika?"

"Manne, na kikombe juu."

"Shemeji, fundi hupima kwa spana," alisema Raphaeli huku akicheka. "Haya, na hiki kifuniko cha hapa tumboni, kikifunguliwa, ndani kuna nini? Nataka nikifanye kifunguke."

Alingoja kusonywa. Hezron hakusonya. Alikitua kikombe chini, na Felista akajiondokea taratibu, akarudi ndani.

"Sijui kuna nini," alisema Hezron. "Chai ilikuwa saa nne na saa kumi. Sakafuni mwa banda la ndege walichora mstari mwekundu, na mwisho wangu ulikuwa pale. Nilitua birika, mafundi wakaja kuchukua, mimi nikasubiri vikombe. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, miezi na miezi. Mtu anayesubiri vikombe, shemeji, anaona mengi. Nilitembea kandokando ya mstari ule nikihesabu. Nje naijua yote. Ndani sikuwahi kuona."

"Kwa hiyo ulikuwa..." Raphaeli akalikatiza mwenyewe neno alilolitamka kila siku kwa miaka arobaini.

"Ni wewe uliyeanza," Hezron alisema bila hasira. "Siku ya posa. Wazee wenu waliniuliza nilifanya kazi gani vitani. Kabla sijajibu, wewe ukadakia: 'Huyu? Labda alikuwa anawapikia wenzake.' Nyumba nzima ikacheka, na Felista yuko dirishani. Ningesema ndiyo? Nikasema fundi wa ndege."

Raphaeli alikuwa amelisahau hilo kabisa. Sasa lilimrudia, na vicheko vya wazee na kila kitu, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Felista anajua?"

"Alijua wiki ya kwanza ya ndoa. Fundi gani wa ndege anajua kukanda unga wa watu mia mbili bila kupima? Lakini watoto hawa, shemeji, siwezi kusimama mbele yao na ndege isiyo na kosa halafu mwenye kosa niwe mimi. Nitawaambia ukweli. Naogopa, lakini nitawaambia."

Kuanzia hapo Raphaeli hakumwita tena Mpishi. Utani ni mtamu kwa sababu si kweli. Ukishakuwa kweli unageuka tusi. Alijaribu kumwita Hezron, jina likawa geni mdomoni. Wakamaliza ndege wakisemezana kwa adabu kama wageni kwenye benchi la zahanati, hata Felista akauliza kama wamegombana.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa darasa la saba, wanafunzi wamebanana sakafuni, wazee wameketi nyuma na makoti yao. Ndege iliwekwa juu ya meza ya mwalimu, inang'aa, na watoto waliinyooshea shingo. Hezron akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Wanangu," alisema, "hapa kijijini mnasikia nilikuwa fundi wa ndege. Si kweli. Nilikuwa mpishi."

Darasa lililipuka kwa kicheko. Wazee walijipiga mapaja. Mwalimu Imelda mwenyewe alifunika mdomo kwa daftari. Kila mtu aliujua utani ule tangu zamani, na sasa kausema mwenyewe!

"Nasema kweli. Nilikuwa mpishi!"

Wakazidi kucheka. Hezron alimgeukia Raphaeli, na Raphaeli akaelewa kilichotokea. Mlango wa ukweli ulikuwa umezibwa, na aliyeuziba alikuwa yeye, kidogokidogo, kwa miaka arobaini.

Akainuka. Walicheka kabla hajafungua mdomo, wakidhani anakuja kuongezea. Raphaeli alivua kofia, akaomba chaki nyekundu kwa mwalimu, akachora mstari mezani kandokando ya ndege. Kisha akatoa mfukoni yule mtu wa bati. Mkononi mwake alikuwa amemlehemea birika dogo, kubwa kidogo tu kuliko punje ya kahawa. Akamsimamisha nyuma ya mstari.

"Nimemwita shemeji yangu mpishi kwa mzaha," alisema. "Kumbe nilikuwa nasema kweli, na kosa langu ni kwamba nilicheka. Alisimama hapa. Mafundi walikunywa chai yake, wakarudi kazini. Na kila kipimo cha ndege hii kimetoka nyuma ya mstari huu. Mimi ndege sijawahi hata kuigusa."

Kicheko kilikoma. Hezron alikuwa akimtazama yule mtu wa bati na birika lake. Kisha binti mmoja wa darasa la tano akanyoosha mkono.

"Babu, rubani akiitwa kabla hajamaliza chai, uliimwaga?"

"Hapana, mama," alisema Hezron. "Niliifunika kwa sahani."

"Akirudi?"

"Akirudi imepoa. Nikampashia."

Watoto walipiga makofi bila kuambiwa. Walimuuliza maswali hadi kengele ya chakula, na hakuna aliyeuliza kuhusu kifuniko cha tumboni.

Wakirudi nyumbani, ndege wameiachia shule, Hezron alitangulia kwa mwendo wa mtu aliyetua mzigo. Raphaeli alimfuata nyuma akitafuta amwiteje. Walipofika kwenye njia panda, akalipata.

"Fundi!" aliita. "Fundi wa ndege, nisubiri!"

Hezron alisimama, akageuka taratibu, akasonya msonyo mrefu kuliko yote ya miaka arobaini.

"Una wivu tu," alisema, na wote wawili wakacheka hadi wakashikana mabega.