Sinendet Shingoni mwa Chepchirchir

Jumatatu ya wiki ya tuzo, Chepchirchir alikuwa kwenye foleni ya uji, kikombe mkononi, akijikuna shingo. Nyathira, aliyesimama nyuma yake, aliivuta kola ya sweta ya rafiki yake kwa kidole kimoja akachungulia.

"Kuna kitu inamea kwa shingo yako," alisema. "Iko na majani."

"Mengi?"

"Si mengi. Songa, foleni imeenda."

Wakasonga. Uji siku hiyo ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na hilo ndilo walilolizungumza mpaka kengele ikalia.

Ilikuwa sinendet. Upande huu wa Kipkelion hakuna mtoto asiyeijua. Ni mmea wa kutambaa wenye majani membamba yanayong'aa, na mtu akishinda jambo, iwe mbio, iwe kura, iwe mtihani, husokotewa akavishwa shingoni na mtu mzima wa heshima, kisha akanyweshwa mursik, yale maziwa yanayogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Kwa kawaida sinendet hukatwa msituni ikaletwa kwa mshindi. Hii ya Chepchirchir ilikuwa imeamua kutopoteza muda.

Shule ilikuwa na mwaka mzuri, tena mzuri wa kuringia. Kipkurui wa kidato cha nne alikuwa ameshinda mbio za nyika huku kiatu chake kimoja kikibaki matopeni huko nyuma, na kiatu hicho hakijapatikana hadi leo. Timu ya hesabu ilirudi na kikombe kisichoingia kwenye kabati la vikombe, wakaamua kukiweka maabara, ambako wenzao walianza kukitumia kuchanganyia dawa. Na wanafunzi wa ushairi walifika tamasha la kitaifa wakatoka wa kwanza kwa shairi la "Ng'ombe Aliyegoma Kukamuliwa", la ng'ombe anayefunga chuchu zake mpaka aambiwe ni nani hasa anayekunywa maziwa. Jaji mmoja alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa.

Shairi hilo lilitungwa na Chepchirchir, mstari kwa mstari, akichuma chai kwenye shamba la nyanya yake wakati wa likizo. Jukwaani aliigiza mkia, kwa sababu ya kimo chake. Mtunzi alipotangazwa, aliyetangazwa ni Mwalimu Eliakim.

Mwalimu Eliakim hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Aliwafundisha watoto kupumua, aliwanunulia mandazi siku ya safari, na alipolisoma shairi kwa mara ya kwanza alilia machozi ya kweli. Kisha akaandika jina lake juu yake, kama walimu walivyoandika kabla yake.

Chepchirchir hakutaka kikombe wala cheti. Alitaka kitu kimoja: siku ya tuzo, jina lake lisomwe kwenye kipaza sauti huku Kogo Rodah akisikia. Kogo ndivyo alivyomwita nyanya yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Kogo hakuwa amewahi kuitwa shuleni kwa jambo lolote jema. Safari hii alikuwa ameshawaambia akina mama wote wa kanisa lake, na walipokwisha hao, akaenda akawaambia wa kanisa la jirani.

Kufikia gwaride la asubuhi, sinendet ilikuwa imetoka nje ya kola na kushuka kifuani. Bi Nyamusi, mwalimu mkuu, aliiona akiwa katikati ya hotuba kuhusu vyoo.

"Wewe, Chepchirchir. Mapambo kwa shingo yamekatazwa."

"Si mapambo, Madam. Imemea."

Bi Nyamusi alifikiria. Kanuni za shule zilikataza mikufu, shanga na hereni. Juu ya mimea hazikusema lolote, naye ni mwanamke anayeheshimu kanuni. Akaagiza mwalimu wa kilimo aitwe aamue kama hicho kitu ni magugu au ni zao. Mwalimu wa kilimo alipapasa shina, akavunja jani moja, utomvu mweupe ukachuruzika, akatangaza mbele ya shule nzima kwamba mmea una afya nzuri, ila ungefaidi samadi kidogo. Chepchirchir aliikataa samadi kwa adabu.

Wakaikata kwa makasi ya kupogolea chai ya shule. Haikumuuma, ilikuwa kama kunyolewa. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imerudi, nene zaidi. Katika somo la jiografia ilipanda ukutani ikafunika ramani ya Afrika kuanzia Ethiopia kwenda juu, na mwalimu akamwomba Chepchirchir ahamie dirishani ili Misri ionekane. Dirishani nako mbuzi wa bawabu aliila kipande. Mzazi mmoja aliyekuja kuleta dawa ya mtoto alipiga picha akaituma kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp. Wazazi walijadili kwa kirefu kwa nini sweta ya mtoto huyo imepauka.

Aliyefurahi kuliko wote ni Kipkurui. Kila mwaka, kabla ya siku ya tuzo, shule humtuma mtu mwenye mbio akatafute sinendet msituni, huko mbali kupita Kedowa, na mwenye mbio kuliko wote huwa ni yule yule aliyeshinda. Kwa hiyo kila mwaka mshindi wa mbio hujikatia taji lake mwenyewe, akarudi amechoka na kukuta wageni wameshakula.

"Chepchir, umeniokolea sana," alimwambia. "Mwaka jana nilipata tu mifupa ya kuku."

"Ni sawa," Chepchirchir alisema, ingawa haikuwa sawa. Ndipo alipoelewa mambo yanakoelekea, akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, sinendet ikiburuta nyuma yake kwenye saruji.

Bi Nyamusi alikuwa na Mwalimu Eliakim, wanakunywa chai.

"Madam, hii kitu imemea kwa sababu ya lile shairi."

"Najua," alisema Bi Nyamusi. "Kila mtu anajua. Funga mlango, usijibane."

"Basi naomba jina yangu isomwe siku ya tuzo. Sinendet ni ya mtu ameshinda."

Mwalimu Eliakim aliweka kikombe chini taratibu. "Chepchirchir, si kwa ubaya. Mtunzi huwa ni mwalimu. Tukisema ni mwanafunzi, watu watauliza mwalimu alikuwa anafanya nini."

"Ulikuwa unafanya nini, Sir?"

Mwalimu alifikiria kwa uaminifu. "Nilikuwa nawapanga mistari," alisema. "Wafupi mbele."

Jani moja lilikuwa limeanza kujizungusha kwenye mguu wa meza, na Bi Nyamusi akalitoa polepole.

"Jina lako litasomwa," alisema. "Mimi mwenyewe nakuahidi. Sasa nenda darasani, na usikanyage hiyo sinendet. Tutaihitaji Ijumaa."

Chepchirchir alitoka akiwa amefurahi. Alipiga simu nyumbani kwa simu ya mpishi, akamwambia Kogo kwamba mambo yamekubaliwa. Bi Nyamusi si mtu wa kuvunja ahadi, na wala hakuivunja.

Ijumaa mahema yalisimamishwa uwanjani. Mawingu yalianza kujikusanya juu ya mashamba ya chai, kama yanavyofanya kila alasiri, na kila mtu akawa anamwambia mwenzake kwamba itanyesha baadaye. Kogo Rodah alifika mapema, kitambaa kipya kichwani, kibuyu cha mursik kikiwa kimefungwa ndani ya leso. Alipoonekana kuwa ndiye mkubwa kwa umri kuliko wazazi wote, alipewa kiti cha mbele kabisa, karibu na mgeni wa heshima, akaombwa awavishe washindi. Alikubali kabla hawajamaliza kuomba.

Chepchirchir aliwekwa nyuma ya hema, kwenye kiti cha plastiki. Mwalimu wa kilimo alikata, Nyathira akasokota. Kila watu walipopiga makofi sinendet iliota upya, na makofi yalikuwa mengi, hivyo kazi ilikwenda vizuri. Kipkurui alivishwa akiwa ameshashiba. Timu ya hesabu ilivishwa. Mgeni wa heshima, ambaye hakuwa ameshinda kitu chochote, alivishwa mbili.

"Na sasa," alisema emsii, "mtunzi bora wa mashairi nchini, wetu wenyewe, Mwalimu Eliakim!"

Kogo alisimama, taji mikononi. Badala ya kulivisha, alilinusa. Lilinuka moshi wa jiko lake na sabuni anayofulia yeye. Akageuka akatazama pande zote, na kwenye nafasi kati ya hema na hema akamwona mjukuu wake amekaa, kola imelowa utomvu, shingo imeinamishwa mbele ya makasi.

Chepchirchir naye alimwona. Alitikisa kichwa kumwambia asimvishe.

"Mama, endelea tu," emsii alinong'ona, na kipaza sauti kikanong'ona naye mpaka barabarani. "Mvua iko karibu."

Kogo alimtazama mwalimu, aliyekuwa ameinama kwa heshima na macho yamemlowa. Akamvisha. Akamnywesha mursik, akampangusa mdomo kwa leso. Watu wakapiga makofi, na nyuma ya hema shingo ya Chepchirchir ikajaa majani tena.

Mwishoni emsii alisoma shukrani. Alimshukuru mwenye mahema. Alimshukuru Bwana Muturi wa Kedowa, baba yake Nyathira, kwa kabeji. "Tunamshukuru pia Chepchirchir wa kidato cha tatu," alisema, waziwazi na bila kukosea, "kwa kutupatia sinendet. Na mwisho, mwenye jenereta."

Hapo Kogo Rodah akapiga vigelegele. Alipiga vigelegele ambavyo akina mama wa makanisa mawili wangevisikia wakiwa nyumbani kwao. Alipiga amefumba macho, mkono mmoja juu, kitambaa kikimdondoka, na emsii ikabidi asubiri. Mwenye jenereta alidhani ni vyake, akasimama, akainama kila upande.

Mvua ilipokuja, nyanya na mjukuu walikaa chini ya paa la jikoni. Sinendet ilikuwa imetulia mapajani pao wote wawili.

"Kogo, lile shairi ni langu."

"Najua. Ile ng'ombe ni Chelel wetu. Mwalimu angejua namna gani Chelel anapiga teke na mguu ya kushoto pekee?"

"Sasa mbona ulimvisha?"

Kogo aliikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Watu walikuwa wengi," alisema. "Na walikuwa wamenipa kiti ya mbele."

Chepchirchir alimkasirikia vibaya sana. Alimpenda pia, kwa ukubwa ule ule, na hakujua afanye nini na hasira aliyotaka kumpa mtu mwingine kabisa. Kogo akamsogezea kibuyu. "Kunywa. Imebaki kidogo kwa chini." Akanywa. Yalikuwa makali, yenye vumbi la mkaa, na yalikuwa matamu kuliko alivyotaka yawe.

Wiki iliyofuata habari zikaenea. Shule ya upande wa Soin iliomba sinendet kwa ajili ya timu yake ya voliboli. Kanisa liliomba kwa ajili ya kumkaribisha askofu, na mgombea mmoja akaomba nyingi, ashinde asishinde. Bi Nyamusi hakumkatalia mtu. Kwa haki, alimwondoa Chepchirchir kwenye zamu ya kufagia, akaagiza apewe maziwa kwenye chai yake, na wazazi wengi walisema hadharani kwamba shule inajua kulea vipaji.

Chepchirchir alikuwa ameanza shairi jingine, la kuku aliyeshtakiwa na mayai yake. Hakuweza kujizuia. Mistari ilimjia akiwa amekaa kwa ajili ya kukatwa, naye aliisema kwa sauti ya chini, na mwalimu wa kilimo, makasi mkononi, alicheka mpaka akakata mahali ambapo hapakupaswa kukatwa.

Mwalimu Eliakim alipita akasimama kusikiliza. Akacheka, kisha akapangusa macho.

"Hii ni moto," alisema. "Inashinda hata ile ya ng'ombe. Itaisha lini?"

"Kabla ya likizo, Sir."

"Jaribu iwe mapema kidogo. Watu wa tamasha wanataka jina la mtunzi, na langu nimeshatuma."

"Sawa, Sir," alisema Chepchirchir, akainamisha kichwa zaidi ili wakate vizuri.