Mwonekano wa Asubuhi

Saa mbili na nusu asubuhi Bi Chujio aliandika neno "boila" kwenye kisanduku cha kutafutia kwa mara ya sita, na kompyuta ikamjibu vilevile, bila haya: hakuna kilichopatikana.

"Boila ina ukubwa wa nyumba, wewe huioni!" akaifokea skrini.

Kiwanda chao kilifua mashuka ya hospitali. Siku kumi na mbili nyuma, bomba la mvuke lilipasuka karibu na meza za kukunjia, likamuunguza mwanamke mcheshi ambaye wote walimwita Mama Pasi. Siku tatu alilala hospitalini akifunikwa mashuka aliyoyakunja mwenyewe. Ya nne wakamfunika mpaka kichwani. Tangu hapo uongozi ulikuwa mbioni kutafuta mgongo wa kuubebesha mzigo, na mgongo uliokuwa karibu zaidi ulikuwa wa mwangalizi wa boila. Mwangalizi huyo alikuwa mdogo wake Bi Chujio, wa tumbo moja.

Kijana aliapa kwamba kila alipoona hatari alituma onyo kwa kile kidude cha mkononi walichogawiwa: shinikizo limepanda, vali ya usalama imekwama. Uongozi ukasema vizuri, maonyo yaonyeshwe. Taarifa zote za kiwanda huingia kwenye ghala moja la ripoti ndani ya kompyuta, na aliyelitunza ghala hilo kwa miaka tisa ni Bi Chujio. Jina lenyewe alibandikwa kwa kazi hiyo. Mwambie unataka ripoti za mashuka yaliyorudi na madoa, ya wodi ya wazazi, ya wiki jana tu. Hujamaliza kupiga chafya ameshakuwekea mezani.

Saa nne kamati ingekaa. Maonyo yakipatikana, kijana anarudi kazini. Yasipopatikana, jalada linakwenda polisi. Kijana alikuwa ameketi nje kwenye korido, ndani ya koti la kuazima lililomeza mikono yake yote miwili.

Fundi wa kompyuta, waliyemwita Sharubu, akaingia na kikombe cha chai.

"Shikamoo, Bi Chujio. Leo ghala limekufungia mlango?"

"Marahaba. Vuta kiti, punguza mdomo."

"Umesimama folda gani?"

"Ya matengenezo."

"Ndiyo maana. Ukitafutia jikoni, hii haiendi kukuangalizia chumbani. Panda juu kabisa, weka tiki kwenye folda za ndani."

Hilo Bi Chujio alilijua tangu Sharubu hajaota hata ndevu, ila hofu ilikuwa imemfuta akili. Akapanda juu, akatafuta upya. Safari hii yakaja matokeo mia mbili na kumi na mawili: oda za vipuri, picha za boila ikiwa mpya, hata hotuba ya ufunguzi. Akachuja kwa tarehe, miezi saba ya mwisho. Akachuja kwa mtumaji, namba ya kazi ya mdogo wake. Sifuri.

Sharubu akakitazama kikombe chake. "Dada, nisamehe kwa nitakalosema. Huenda hakutuma."

"Mdogo wangu anaweza kumaliza nyama yote ya chungu akamsingizia paka. Kazini hadanganyi."

"Na hiki je?" Sharubu akagusa kialama kidogo cha faneli kwenye kona ya chini ya skrini. Kilikuwa cha rangi ya chungwa. "Kimewaka. Kuna chujio jingine chini ya haya yako."

"Hilo ni langu pia. Mwonekano wa Asubuhi. Liko hapo siku zote."

"Linaficha nini?"

Bi Chujio akafungua mdomo kujibu, kisha akakumbuka.

Miezi saba nyuma, kipima joto cha mashine ya kukaushia kiliingiwa wazimu. Kikawa kinatuma maonyo arobaini kwa siku, ya uongo yote, ripoti za maana zikazama humo. Ofisini waliyaita kelele za mama mkwe. Kipima joto kipya kilichelewa kuja, kwa hiyo Bi Chujio akafanya alichokijua: akaondoa tiki kwenye aina moja ya taarifa, Maonyo, akauhifadhi mwonekano huo na kuupa jina. Meneja alipouona ukurasa ulivyotakata, alimpigia makofi mbele ya watu na kumwagiza auweke kwenye kompyuta zote za ofisi. Kipima joto kilikuja kubadilishwa. Tiki hakuna aliyeirudisha.

Akabofya "Ondoa vichujio vyote". Akaandika "boila" tena, na namba ya mdogo wake.

Taarifa kumi na tisa. Zote, mbele yake: Haijasomwa.

Sharubu akainuka, akafunga mlango taratibu. "Sikiliza. Zichapishe, toa nje. Sema mtambo ulikuwa na hitilafu. Mimi nitaitikia."

"Halafu kesho wewe ndiye fundi wa mtambo wenye hitilafu."

Bi Chujio akabofya kuchapisha. Mashine ya kuchapisha ikaanza kutema karatasi.

Kwenye korido mdogo wake aliruka alipoziona. "Umezipata! Nilikwambia, dada! Nilikwambia!" Akamkumbatia. Bi Chujio akamwachia, halafu akamwambia zilikuwa wapi na nani aliyezifungia humo. Mikono ya koti ikashuka.

"Usiwaambie," kijana akasema. "Sema tu zimepatikana."

"Wataniuliza kwa nini hazikusomwa."

"Basi mimi... dada, mimi nitasema sikutuma."

"Nyamaza, mjinga wewe," akamwambia, akimvuta kwa mkono wa koti. "Twende."

Mle ndani walikaa watu watano, na pembeni mume wa Mama Pasi, mwanamume mkavu aliyevaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Bi Chujio akasema yote akiwa amesimama. Meneja akageuka kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Nani alikuruhusu kuficha maonyo ya usalama?"

"Ulinipigia makofi, bosi."

Mtu mmoja akakohoa. Mwenyekiti akaandika kwa muda mrefu. Akamwambia kijana yuko huru kurudi kwenye zamu yake, na Bi Chujio asiguse kompyuta yoyote kuanzia dakika ile, jalada litakwenda kwa jina lake.

"Na la meneja?" Sharubu akauliza kutoka mlangoni. Mwenyekiti akafunika kalamu yake.

Mume wa Mama Pasi akanyoosha mkono. "Miwani sikuja nayo. Naomba yeye anisomee."

"Zipi, baba?"

"Zote."

Bi Chujio akasoma. Ya kwanza, shinikizo limepanda kidogo. Ya tano, vali nzito. Ya kumi na moja, naomba fundi. Kila aliponyamaza, yule mwanamume alisema, "Endelea, mama," kwa upole uliomchoma kuliko tusi. Mdogo wake aliinamisha kichwa magotini.

Ya kumi na tisa ilitumwa asubuhi ya ajali. Aliisoma kwanza kimya, akatamani karatasi ziwe kumi na nane.

"Mwanangu, soma."

"Boila inapiga mluzi tangu alfajiri," akasoma. "Mama Pasi ameniuliza kama ahamishe meza yake. Nimemwambia asihofu, ofisini wameshaona."