Kiraka cha Oiva

Lempi aliporudi kutoka hospitali na nyonga mpya, alishuka kwanza kwenye ghala la viazi chini ya nyumba kutazama mabuti ya mpira ya marehemu mumewe, Oiva. Miaka arobaini aliyatunza humo, kwenye giza na ubaridi, maana jua na joto huumaliza mpira. Kila mwaka theluji ikiyeyuka aliyaosha kwa maji vuguvugu, akayapaka glisirini kidogo, akayajaza magazeti yasijikunje. Wa kumcheka walimcheka.

Oiva hakuwa mtu wa maneno. Barua hakuandika, picha alizikimbia. Lakini siku alipompeleka Lempi kinamasini kuchuma matunda ya njano yaotayo humo, kabla hata ya kumposa, buti lake la kushoto lilitoboka vidoleni, naye akaliziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kiraka hicho ndicho alichomwachia.

Leo mabuti hayakuwapo ghalani. Aliyakuta kwenye sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, kando ya jiko, yananuka lami.

"Nimekufanyia kazi, shemeji," alisema Urho, mdogo wa marehemu, kifua mbele. "Yalififia mno. Nimeyapaka lami ile ya mti wa msonobari, kama baba alivyotufundisha."

"Baba yenu alipaka viatu vya ngozi, we mzee! Huu ni mpira, lami inaula!"

Wanaume wa nchi hiyo ya theluji ndivyo walivyo: mashua lami, mbao za kutelezea thelujini lami, hata kidonda lami.

Lempi aliyasugua kwa sabuni mpaka maji yakawa meusi. La kulia lilikuwa limepasuka kwenye ncha. La kushoto lilinata mikononi, na ukingo wa kiraka ulikuwa umeinuka. Alilia waziwazi, kama aliyefiwa jana.

"Nami nilimpenda kaka," Urho alisema kwa sauti ndogo. "Sikuwahi kumfanyia lolote."

Lempi alipenga kamasi, akavaa soksi mbili za sufu, kisha mabuti.

"Lete fimbo yangu. Twende kinamasini."

"Na nyonga hiyo? Daktari atasemaje?"

"Daktari yuko mjini. Nataka kujua kama kiraka kimeshika."

"Na kisiposhika?"

"Basi nitajua. Kuyafungia nimeyafungia vya kutosha."

Walikwenda polepole, Urho amemshika mkono, anaomba radhi kila hatua. Kinamasi kilinuka vilevile kama zamani, na matunda ya njano yalikuwa yameanza kuiva. Lempi aliingia kwenye maji mpaka yakafunika vidole, akasimama. Mguu wa kulia ulilowa papo hapo, baridi mpaka mfupani. Akangoja. Mbu walimuuma shingoni, asiwafukuze.

"Nisamehe, shemeji," Urho alianza tena. "Kweli nisamehe, mimi ni..."

"Hebu nyamaza, Urho." Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Mguu wa kushoto mkavu."