Sangria ya Wifi

Alice alifika Kiwanjani, mtaa wa Isiolo, Jumamosi mchana, jua likiwa limeyakalia mabati sawasawa, na jambo la kwanza alilosema baada ya salamu ni kwamba leo wifi yake, Regina, hatafanya kazi yoyote.

"Leo wewe ni mgeni," alisema, akitua mfuko mezani. Ndani ya mfuko chupa ziligongana. "Unakaa hapo kwa kiti, unaweka miguu juu, na mimi nakutengenezea sangria. Mama Lobokat, umechoka. Hata kwa simu nasikia umechoka."

Regina alicheka kidogo. Uchovu wake ulikuwa umeshapita pale pa kuambiwa pole. Mama mkwe wake, Apua, alipatwa na kiharusi miaka mitatu nyuma. Upande wake wa kulia ulilala, na tangu hapo akili yake ikawa inakuja na kupotea kama stima. Lodio, mume wa Regina, ndiye mtoto wa kwanza wa Apua, lakini Lodio alikuwa dereva wa lori la kwenda Merti, na kila aliporudi nyumbani alirudi na vumbi na usingizi. Kijana wao Lobokat alikuwa shule ya bweni. Basi aliyemgeuza Apua kitandani, akamlisha, akamwosha, akamfulia, na kulala naye chumba kimoja asije akaanguka, alikuwa Regina peke yake. Alice, dada yake Lodio, alifanya kazi ya ofisi Nairobi na alipiga simu kila Jumapili. Hakuwa mtu mbaya. Regina alijikumbusha hivyo mara nyingi, hasa akiwa anafua.

"Hiyo sangria ni nini?" aliuliza.

"Ni divai nyekundu, unaweka matunda na barafu. Wahispania wanakunywa wakisikia joto. Na joto lao si kitu mbele ya hili la Isiolo."

Apua alikuwa amelala chumbani. Regina akakaa, akaweka miguu juu ya stuli kama alivyoambiwa, akaegemeza kichwa. Kitambaa cha kiti kilikuwa na joto, lakini kilikuwa kiti. Jikoni, Alice alifungua kabati, akalifunga, akafungua lingine.

"Mama Lobokat, jagi kubwa iko wapi?"

"Hakuna jagi kubwa. Tumia ile sufuria ya pilau."

"Na kisu?"

"Hicho hapo juu ya friji."

Kisu kilisuguana na ganda la tunda. Kisha: "Hiki hakikati."

Regina akateremsha miguu. Alikwenda nje na kisu, akakinoa kwenye jiwe la mlangoni, akarudi nacho. Alipotaka kukaa tena, Alice alikuwa amesimama katikati ya jikoni, simu mkononi, akimtazama mwanamke mmoja kwenye video akikata matunda kwa vidole vilivyopakwa rangi.

"Yeye ameweka machungwa," Alice alisema. "Nimeleta matunda ya epo, nimeleta mdalasini, nimeleta hata brandi kidogo. Machungwa nimesahau."

Machungwa yalikuwepo. Yalikuwa yametoka mashamba ya Rapsu, na Regina aliyaweka kwa kikapu chini ya meza kwa ajili ya Apua, ambaye asubuhi hakukubali kumeza dawa bila maji ya chungwa. Alikitazama kikapu kwa muda. Kisha akakitoa, kwa sababu kueleza kungemchosha kuliko kutoa.

"Wewe ni malaika," Alice alisema. "Sasa fungua divai, mimi niangalie sukari inaingia lini."

Chupa ilikuwa ya kizibo cha gome. Katika nyumba ile hapakuwa na kitu cha kukitolea, na hapakuwahi kuwa. Alice alijaribu kwa uma, akajaribu kwa kisu kilichonolewa, mpaka Regina akamnyang'anya, akaibana chupa katikati ya magoti yake, akasukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko. Kiliingia ghafla. Divai iliruka ikampiga kifuani na shingoni, ikachora ukuta mpaka karibu na kalenda ya kanisa.

"Woi!" Alice alisema, akacheka kwa moyo wote. "Mama Lobokat, umebatizwa!"

Regina naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa ile dera aliyovaa. Aliifua jana.

"Inabaki barafu tu," Alice alisema. "Hapa barafu inauzwa wapi?"

Friji ya Regina ilikuwa inapoza tu, haigandishi. Barafu ilikuwa kwa Maryan, duka la tatu kutoka pale, na Alice hakumjua Maryan. Regina alichukua beseni, akajifunga leso kuficha lile doa, akatoka. Barabara ilikuwa tupu kwa ajili ya jua. Upepo uliinua vumbi, ukaliweka mahali pengine.

Maryan alikuwa amekaa nyuma ya kaunta akipepea uso kwa kipande cha katoni. Aliuza juisi, maziwa ya ngamia, na barafu iliyogandishwa kwenye mifuko ya plastiki.

"Mama Lobokat! Nyanya anaendeleaje?"

"Tunasukuma tu. Nataka barafu, Maryan, mifuko minne."

"Minne? Nyanya ana homa?"

Regina angeweza kusema ndiyo. Lakini Maryan ndiye aliyekuja usiku ule Apua alipoanguka, akamshika miguu wakampandisha kitandani, na hata Regina alipokuwa amechoka namna hii hakuona kama mtu huyo anafaa kudanganywa.

"Hapana. Ni Alice, dada ya Baba Lobokat, ametoka Nairobi. Ameleta divai. Anataka kuichanganya na matunda na barafu. Ndiyo nimekuja na beseni langu mwenyewe, chombo chako kisije kikaguswa na pombe."

Maryan aliacha kupepea. Alimtazama, kisha akafungua friza.

"Mimi nauza barafu," alisema. "Ikishavuka huu mlango ni maji yako, na wewe ni mtu mzima." Akaipanga mifuko minne ndani ya beseni, halafu, baada ya kufikiri, akaongeza wa tano. "Huo weka kwa shingo. Wewe unalala saa ngapi siku hizi?"

"Nalala."

"Hulali. Macho yako yameingia ndani. Huyo mgeni amekuja kusaidia ama amekuja kutembea?"

"Amekuja kunipumzisha," Regina alisema. Maneno hayo yalipotoka walitazamana, na wote wawili wakaanza kucheka, Maryan akijishika ubavu, Regina akiwa amesimama na beseni la barafu linalodondoka miguuni. Kicheko kilimwisha haraka. Akaaga, akarudi.

Alipofika mlangoni aliona koridoni kumelowa. Mitungi yake miwili ya maji, ile ya manjano, ilikuwa imelazwa ubavu, imefunguliwa. Wiki ile mfereji ulikuwa mkavu. Maji hayo aliyachota juzi, akayabeba mwenyewe, akayaweka pale kwa kazi moja tu, kumwogesha Apua jioni na kesho asubuhi.

"Nimeosha matunda yote vizuri," Alice alisema kutoka jikoni. "Na ukuta nimeupangusa, na sakafu. Hukutakiwa kuja kukuta uchafu."

Regina aliweka beseni mezani. Sufuria ilikuwa imejaa. Divai ilikuwa nyeusi kabisa, na juu yake vipande vya machungwa na epo vilielea, na kijiti cha mdalasini. Kilikuwa kitu cha kupendeza, hilo hakuweza kulikana. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa, na mwili wake wote ukashuka kana kwamba umefunguliwa kamba.

Hapo ndipo Apua alipoamka. Aliita kwanza kwa Kiturkana, maneno yasiyoshikana, kisha kitanda kikalia. Harufu ikafuata, kwa sababu mlango wa chumba ulikuwa wazi.

"Mama ameamka," Alice alisema.

"Namsikia."

"Nafikiri amejichafua."

"Ndiyo."

Alice alingoja, kijiko mkononi. Regina hakusogea. Si kwamba aliamua. Alijaribu kuiambia miguu isimame, na miguu ikakataa, na alipoona imekataa hakuisukuma tena.

"Mama Lobokat?"

"Wewe nenda," Regina alisema.

"Mimi?"

"Nguo safi ziko kwa boksi ya kijani. Unamgeuza kwa upande wa kushoto, ule mwingine unamuuma. Unaanza kumwambia jina lako ndipo umshike, la sivyo anaogopa, anapiga. Maji hakuna. Maji umeoshea machungwa."

Hakupaza sauti. Alice alitazama mitungi kule koridoni, akatazama sakafu inayong'aa, na uso wake ukabadilika polepole. Akaweka kijiko chini. "Nitapata wapi maji?"

"Kwa Maryan, duka la tatu kutoka hapa. Mwambie wewe ni wa kwangu."

Alice akatoka mbio na mtungi mmoja. Alirudi ameubeba kwa mikono miwili, ukimgonga magoti, viatu vyake vya Nairobi vimelowa, akaingia chumbani. Regina aliyasikia yote kutoka kitini. Alimsikia Alice akisema, "Mama, ni mimi, Alice," tena na tena. Alisikia beseni likipinduka. Alimsikia Apua akikataa, sauti ikipanda, kisha akasikia neno moja likitoka wazi, jina ambalo mzee yule hakuwa amelitamka tangu alipougua.

"Regina! Regina yuko wapi? Huyu ni nani? Niitieni Regina!"

Regina alifumba macho. Machozi yalimtoka yenyewe, yakapita pale divai ilipokauka shingoni. Lakini hakusimama. Aliweka ule mfuko wa tano wa barafu nyuma ya shingo yake, akakaa akisikiliza akiitwa.

Ilichukua muda mrefu. Alice alipotoka alikuwa amelowa mpaka kiunoni, nywele zimemshuka usoni, na shavu moja lilikuwa na alama ya kucha. Alibeba mashuka yaliyokunjwa, asijue ayaweke wapi. Regina akamwonyesha kwa kidole. Aliporudi alikaa chini, sakafuni, mgongo kwa ukuta.

"Hakunijua," alisema. "Mama yangu mwenyewe."

"Kuna siku hajui mtu yeyote."

"Lakini wewe anakujua." Alice alijifuta uso kwa mkono. "Unamgeuzaje peke yako? Mimi nimemwinua mara mbili tu, mgongo umekatika. Kwa simu ulikuwa unaniambia yuko sawa."

"Ulikuwa unauliza kama yuko sawa," Regina alisema. "Hukuuliza mimi namgeuzaje."

Alice alisimama, akachota sangria kwa kikombe cha chai, akampa Regina, akajichotea na yeye. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka. Regina hakuwa amekunywa divai maishani isipokuwa ile ya kanisani. Hii ilikuwa tamu mwanzoni, kisha ikamkwaruza koo, kama juisi iliyokasirika.

"Ni mbaya?" Alice aliuliza.

"Si mbaya. Ina joto tu."

Wakanywa. Halafu Alice akachukua simu, akaenda mlangoni, na Regina akamsikia akimwambia mkubwa wake wa kazini kwamba Jumatatu hatakuja, na Jumanne pia hatakuja. Kisha akampigia Lodio, aliyekuwa bado Merti, na kwa Lodio sauti yake haikuwa ya kuomba. Alimwambia atafute mtu wa kuja asubuhi, na gharama watagawana wao wawili, watoto wa Apua, si Regina.

Mtu huyo alipatikana wiki iliyofuata, mwanamke mmoja wa Kimeru aitwaye Kagwiria, mwenye mikono yenye nguvu na maneno machache. Hakuja kila siku, na kuna asubuhi Apua alimfukuza. Kazi haikuisha. Ila Regina alianza kulala chumba chake mwenyewe siku kadhaa, na Alice alianza kuuliza maswali mengine kwenye simu.

Lakini jioni ile hayo yote hayakuwa yamekuja. Jua lilikuwa bado dirishani. Regina alimaliza kikombe, akaingia chumba chake na Lodio, akajilaza na ile dera yake yenye doa, bila kuvua hata leso. Kwa mbali alimsikia Alice akimwambia mama yake upya kwamba yeye ni Alice, taratibu, kama anayemfundisha mtoto, na Apua akibisha. Regina alingoja aone kama yeye mwenyewe atainuka kwenda kwao. Usingizi ukamchukua kabla hajajua.