Nduta Alipopanda Ukuta

Katika Kawangware nzima hakukuwa na mtu aliyefanya kazi ya kudharau kwa bidii kama Nduta, mjane wa Gichuru. Wengine hudharau wakipata nafasi; yeye alidharau kwa ratiba. Asubuhi ilikuwa zamu ya wapangaji wa vyumba vyake ishirini, wanaoanika nguo bila kuzikamua. Mchana ilikuwa zamu ya mama mboga wa mtaa wa Satellite, ambaye sukuma wiki yake ilikuwa na mashimo. Jumapili alidharau kwaya. Lakini dharau yake tamu, ile ya kuwekwa akiba, aliwahifadhia watu wa Kibera. "Hao," alisema, "wamepanga kwa mtu aliyepanga."

Basi Mungu, ambaye naye ana utani wake, akampa binti mmoja tu. Tabby alikwenda Kroatia kufua mashuka ya hoteli huko Dubrovnik, mji wa kale uliozungukwa na ukuta kando ya bahari. Na katika mji huo uliojaa wanaume wa kila taifa, akaenda akampenda Ryan Oyoo, mpishi, mtoto wa Apiyo anayekaanga samaki Kambi Muru. Kambi Muru, Kibera! Nduta alipopata habari alikaa kitako jikoni. "Amevuka bahari yote hiyo," alimwambia shemeji yake Kinyanjui, ndugu wa marehemu, "kwenda kuokota kitu angekifikia kwa miguu."

Kisha Tabby akapata mimba, na picha ya hospitali ikaonyesha msichana. Hapo ndipo Nduta alipoacha kulia akaanza kupiga hesabu. Kwa mila ya Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Maana yake mjukuu wake wa kwanza, pengine wa pekee, angeitwa Apiyo, kama muuza samaki. Lakini mila hiyo ina mlango wa nyuma: ikiwa mahari haijaletwa, mtoto ni wa upande wa mama, na jina ni la upande wa mama. Kwa hiyo dawa ilikuwa rahisi. Wasipokelewe.

Mara mbili Boaz, mjomba wa Ryan, alituma ujumbe kuomba siku. Mara ya kwanza Nduta alisema ana matanga. Mara ya pili alisema ana jino. Alipohisi kwamba watu hawa hawaelewi lugha ya kistaarabu, alikwenda Kambi Muru mwenyewe, leso puani, akamkuta Apiyo akigeuza samaki kwenye karai la mafuta.

"Karibu kiti, Mama Tabby," Apiyo alisema, akasukuma kigoda.

"Nitasimama tu. Nimekuja kukuambia mwaka huu sina nafasi. Hiyo maneno ya ruracio, ya kuleta mahari, tuiwache mpaka next year."

"Next year mtoto atakuwa amezaliwa."

"Nayo ni kweli."

Apiyo alimtazama, kijiko cha matundu kikichuruzika mafuta. Alielewa. Wala hakubishana, aligeuza samaki mwingine na kumuuliza kama angependa kubeba mmoja. Nduta alirudi nyumbani akijisifu njia nzima. Mtu ambaye hajui hata kugombana, alijiambia, utampa mjukuu wa nini?

Wiki mbili baadaye Tabby alimpigia simu. Amemtafutia visa na tiketi, aje wiki mbili mwezi wa saba. "Mum, Nairobi saa hii si ni baridi? Huku ni summer. Kuja uote jua, na unisaidie na hii tumbo." Nduta alijifanya kusitasita kwa siku nzima, kisha akatangaza kanisani.

Na hivyo akauona mji ule mashuhuri, na mji haukumpendeza hata kidogo. Nyumba zilibanana kuliko Kibera. Vichochoro vilikuwa vyembamba hivi kwamba mtu na mzigo wake hawapiti pamoja, na juu yake kulianikwa nguo, na wazungu walisimama kuzipiga picha. Nguo za watu! Kwetu, Nduta alifikiri, askari wa kanjo wangekuwa washabomoa zamani. Jua lilikuwa la kuchoma ngozi, kahawa ilikuwa ya kikombe cha mtoto, na paka walilala kwenye ngazi za kanisa wala hakuna aliyewafukuza. Ryan alimpikia kila jioni, akimwita mathe kwa sauti ya chini. Samaki aliwasukuma pembeni ya sahani. "Samaki tena," alisema. "Kweli mtu hukimbia kwao lakini tumbo halihami." Ryan alitabasamu akampa viazi.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mawe, mnene kama chumba cha mpangaji, nao ndio uliomchekesha kuliko vyote. Ukuta wake wa Kawangware ulipandwa vipande vya chupa juu ili watu wasipande. Hawa wa huku waliwauzia watu tiketi wapande.

Jumamosi ya kwanza Tabby alimletea tiketi hiyo mapema asubuhi. "Panda mum, uone bahari. Mimi siwezi na hii tumbo. Nitakungoja hapa chini." Nduta alipanda. Ngazi za kwanza tu zilimkata pumzi, na alipotaka kurudi, askari wa mlangoni akamwonyesha mshale: njia ni ya upande mmoja, ukishapanda huna budi kuzunguka. Akazunguka, mkoba kifuani, akiwatukana wajenzi kwa Kikuyu. Mahali fulani alichungulia chini akamwona Tabby ameketi kivulini, simu mbele ya uso, akicheka na kujifuta macho. Anaongea na wenzake wa kazini, Nduta alifikiri, badala ya kumwangalia mamake asianguke baharini. Alishuka saa sita na nusu. Tabby alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Pole mum." Alisema tena, "Pole sana."

Nduta alirudi Kawangware na dharau mpya za kutosha mwaka mzima. Alikuwa hata hajalipa teksi wakati Nafuna, mpangaji wa chumba cha saba, alipoacha ndoo bombani akamkimbilia.

"Aki Mama Tabby, hongera! Ile ruracio ilikuwa moto! Hata sisi tulipewa supu."

Nduta alicheka, maana hakuelewa. Kisha akawasikia mbuzi. Walikuwa wawili, wamefungwa nyuma ya nyumba, wakila maua yake. Sebuleni, juu ya kiti chake, palikuwa na blanketi jipya kwenye mfuko wake wa nailoni, lile ambalo wakwe humletea mama wa binti. Kinyanjui alikuwa ameketi kando, akingoja kugombezwa.

"Uliwafungulia geti langu?"

"Geti ni lako," Kinyanjui alisema, "lakini msichana ni wa ukoo wetu. Wazee ndio hupokea, shemeji, si wewe. Hiyo mila umetufundisha wewe mwenyewe miaka yote, sijui ulisahau aje hapo."

"Na Tabby? Bila msichana kuulizwa, pombe ya ruracio hainywewi!"

"Aliulizwa. Kwa video. Tukamwambia, tuinywe ama tusiinywe? Akasema kunyweni. Alilia, sisi wote tukalia."

"Siku gani?"

"Jumamosi ile ya kwanza. Saa tano, saa sita hivi."

Nduta alikaa juu ya blanketi. Huko Dubrovnik ilikuwa saa nne, saa tano. Alikuwa ukutani. Bahari, jua la summer, wiki mbili za viazi, vyote vilikuwa vya kumtoa nyumbani. Angeweza kuwachukia wazee, na aliwachukia, mbuzi pia. Lakini kilichomuuma, kikamuuma kweli, ni kwamba mwanawe wa pekee alitaka kuolewa kwa furaha, akatafuta mahali pa kumweka mamake kwanza.

Hakumpigia Tabby simu. Tabby alipopiga, hakushika. Mwezi ukapita hivyo, na mambo yakawa wazi kwa kila mtu: mahari imepokelewa, mtoto ni wa akina Oyoo, jina ni Apiyo.

Siku ya Alhamisi mtu aligonga geti. Alikuwa Apiyo mwenyewe, kwenye rinda la kanisani, ametembea kutoka Kambi Muru vumbi hadi magotini. Nduta hakumwambia ingia. Walisimama pale pale getini.

"Mtoto amefika," Apiyo alisema. "Jana. Wote wako sawa. Tabby alisema hushiki simu, ndio nikakuja."

"Kwa hivyo umekuja kuniambia mnamwita Apiyo."

"Anaitwa Nduta."

Nduta alilishika komeo la geti.

"Walikuwa wampatie yangu, vile nyinyi hufanya," Apiyo aliendelea. "Lakini Tabby alikuwa analia sana kwa simu, ati mamangu atakufa na hasira. Nikamwambia, si basi umpatie mamako? Yawa, kwetu Wajaluo jina ni la wale walilala, wale wamekufa. Mimi sijalala. Yangu bado natumia."

Alisema hayo bila kujitutumua, kama mtu anayempa jirani mboga zilizobaki. Akaonyesha simu: kichwa chekundu, macho yamefumbwa, kinywa kimepinda kwa kununa. Nduta alikitazama kinywa hicho. Alitafuta la kusema kuhusu vumbi, kuhusu harufu ya mafuta iliyoganda kwenye rinda la kanisani, kuhusu watu wanaopanga kwa mtu aliyepanga. Maneno yote alikuwa nayo. Hayakutoka.

"Wacha niende," Apiyo alisema, "nimewacha karai na mtu." Akaanza kutembea kuelekea barabarani.

Nduta alibaki ameshika komeo la geti. Alitaka kusema asante kabla mwanamke yule hajakata kona, lakini hakujua mtu humwitaje mtu wa Kibera akitaka kumshukuru, maana hakuwahi kuhitaji kujua. Apiyo akakata kona.