Sauti ya Pili

Tangu mahubiri yaanze, gazeti la Jang-sik halikuwa limefunuliwa hata ukurasa mmoja. Alilishika kwa mkono wake mmoja mzima, likamficha uso, na mkewe Yun-rye, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu mbele ya kishikwambi, alijifanya haoni. Miaka arobaini ya ndoa mume huyu hakuwahi kukanyaga kanisani. Alikuwa mchomeleaji wa meli katika bandari ya Gunsan, Korea, mtu wa ulimi mkali, na kila Jumapili alimsindikiza mkewe mlangoni kwa kejeli ileile, kwamba Mungu wao ana masikio mazito, ndiyo maana hawachoki kumpigia kelele.

Kisha kiharusi kikamlegeza upande wa kushoto, na haukupita muda janga la korona likafunga milango ya makanisa. Binti yao So-hui akanunua kishikwambi, akawafungulia ibada kwa akaunti yenye jina lake mwenyewe, akarudi zake Seoul. Hapo ndipo neno ambalo Yun-rye alishindwa kumfikishia mumewe kwa machozi likaingia ndani lenyewe, bila hodi, likaketi karibu na sufuria ya wali. Milango ya makanisa ilipofunguliwa, wenzake walirudi, yeye akabaki. Alichelea kwamba akitoka tu, mzee atahamia kwenye besiboli, na kile kilichokuwa kikichipua nyuma ya gazeti kitanyauka kabla hakijapata jina.

Lakini naye alikuwa na kiu yake. Katika kwaya aliimba sauti ya pili. Sauti ya kwanza hujitosheleza hata bafuni; ya pili ikiachwa peke yake ni kama mtu anayejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Wakati wa janga kwaya ilijaribu kufanya mazoezi kwa simu, kila mtu kwake, na sauti zikafukuzana kama bata waliotishwa. Tangu hapo aliimbia jikoni, akiifuata kwaya ambayo daima ilimtangulia kwa pumzi moja.

Pasaka ilipokaribia, Deok-sun, mwenzake wa kwaya, akampigia simu.

"Dada, sauti ya pili tumebaki mimi na Bi Noh, na Bi Noh akifika ubeti wa tatu anasinzia. Unataka Bwana afufuke kwa aibu?"

Yun-rye alicheka mpaka akakaa chini. Alizunguka siku nzima na maneno mdomoni, na jioni, wakila, akayatoa yote kwa mkupuo mmoja. Mumewe alitafuna figili yake hadi ikaisha.

"Nenda," alisema. "Kuna marudio ya besiboli."

Asubuhi ya Pasaka Yun-rye alimpashia supu, akakiwasha kishikwambi kwenye ibada, akakisogeza karibu na ule mkono mzima. Kisha akatoka. Kituo cha basi hakikuwa mbali, lakini alikimbia, mwanamke mwenye wajukuu, koti likimpepea na moyo ukimdunda kama wa bibi harusi aliyechelewa.

Kanisani joho lake lilikuwa bado linamtosha. Deok-sun alimbana kiunoni, Bi Noh akamsogezea nafasi. Kiongozi wa kwaya alipoinua mikono, wote walivuta pumzi kwa pamoja, na pumzi ile tu, kabla ya noti ya kwanza, nusura imwangushe. Alikuwa ameisahau. Nayo sauti ilipotoka hakujua ipi ni yake na ipi ya jirani. Ilipita kwenye mbao za sakafu ikampanda miguuni, naye akaimba kwa kinywa wazi kama kifaranga anayelishwa.

Baada ya wimbo mchungaji akasoma salamu za waliokuwa wakifuatilia kutoka majumbani. Mgonjwa mmoja wa Iksan, familia moja iliyohamia Busan. Kisha akasita, akasogeza miwani.

"Ujumbe huu unatoka kwa So-hui. Anasema, 'Yule wa safu ya pili anayefungua mdomo kuliko wote ni mke wangu.'" Akausoma tena kimoyomoyo. "Hapana. Huyu si So-hui."

Kicheko kikalipuka kuanzia kwenye kwaya hadi viti vya nyuma. Yun-rye alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, machozi yakilowanisha noti, na Deok-sun akamfinya mpaka ukabaki wekundu.

Tambi za mchana za kanisani hakuzingoja. Alimkuta mumewe palepale alipomwacha, ibada imekwisha zamani.

"Umerudi mapema."

"Nilikimbia."

Jang-sik aliutazama ukuta. "Kinywa chako nilikiona. Sauti nimeitafuta, sikuipata. Yako ni ipi?"

Akamwimbia, amesimama na koti lake. Ubeti mzima, chini chini, noti zikijirudia mahali pamoja, zikipanda kidogo, zikishuka. Mumewe alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, Baba So-hui. Nyingine zote zimebaki kule."

Kwa mkono wake mzima mzee akaanza kulisugua goti la kushoto, taratibu.

"Zile ngazi za kanisani kwenu," alisema, kama mtu anayeuliza bei ya samaki ambaye hakusudii kumnunua, "zina mahali pa kushika?"